Ujira wa Tabibu na Dhiki ya Mgonjwa

Ijumaa moja, baada ya Swala ya Alasiri, alitujia msikitini kijana wa mtaa wetu akiwa na karatasi mkononi. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri ya siku hiyo katika hospitali moja ya binafsi, baada ya kulazwa siku tisa. Kaburi lilikuwa limekwisha chimbwa, sanda imekwisha nunuliwa, na akina mama walikuwa nyumbani wakingoja na udi na maji ya kumwoshea mwenzao. Lakini maiti alikuwa bado katika chumba cha hospitali, kwa sababu hesabu haijalipwa. Jumla ilikuwa shilingi 312,000. Familia ilikuwa imetoa 90,000 siku ya kulazwa, na zilizobaki zilikuwa 222,000.

Tulisimama tukatangaza. Waumini wakatoa walichokuwa nacho, wengine wakatuma kwa simu, na bibi mmoja akamtuma mjukuu wake alete bangili yake ya dhahabu ili iwekwe rehani. Tukamzika mama yetu baada ya Isha kwa mwanga wa taa. Allah amrehemu.

Usiku ule, jamvini, maneno yalikuwa makali. Mmoja alisema kuwa madaktari wamekuwa wafanyabiashara. Mwingine akaongeza kuwa wanajengewa majumba na maradhi ya maskini. Katika jamvi lilelile alikaa mzee mmoja ambaye binti yake ni daktari. Mzee aliinamisha kichwa asijibu. Nasi pia tulinyamaza, kwani matanga si mahali pa kubishana. Lakini neno lile halikututoka moyoni. Je, ni kweli kwamba ni daktari aliyemweka mama yule mateka? Na kama si yeye, ni nani?

Haki ya kulipwa

Tuanze na lililo wazi katika dini yetu. Tabibu ana haki ya ujira wake. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipigwa chuku na mtu aitwaye Abu Taiba, akaamuru apewe pishi za chakula kuwa malipo yake. Hakuishia hapo. Kwa kuwa Abu Taiba alikuwa mtumwa anayetozwa na mabwana zake sehemu ya pato lake, Mtume (S.A.W.) alizungumza nao wampunguzie. Aliyetibu alilipwa, na mzigo uliokuwa juu yake ukatazamwa pia.

Kisa cha pili ni cha Abu Said al-Khudri (R.A.) na wenzake. Walikuwa safarini, wakafika kwa watu waliokataa kuwakaribisha hata kwa chakula. Mara mkubwa wa watu wale akaumwa na mdudu mwenye sumu, wakaja kuomba msaada. Masahaba wakasema hawatamsomea mpaka wakubaliane ujira, wakakubaliana kundi la kondoo. Akasomewa Suratul Fatiha, akapona kwa idhini ya Allah. Baadaye baadhi yao wakaona wasiwasi kuhusu kondoo wale, wakaenda kumuuliza Mtume (S.A.W.), naye akaridhia na akasema atengewe fungu lake.

Wanazuoni wametoa katika kisa hiki uhalali wa ujira wa tiba. Sisi tunaomba msomaji aangalie jambo jingine pia. Mapatano yalifanywa kabla ya tiba. Kila upande ulijua utatoa nini na utapata nini. Hakuna aliyeshtukizwa na hesabu baada ya mgonjwa kuinuka.

Binti yetu daktari

Yule mzee aliyeinamisha kichwa ana binti tuliyemsomesha juzuu Amma katika madrasa yetu. Katika mgomo wa madaktari wa mwaka 2024 alikuja kwetu na swali moja: je, kugoma kwake ni dhambi?

Tulimwomba kwanza atueleze hali yake. Alisoma udaktari chuo kikuu miaka sita. Baada ya hapo kila daktari hulazimika kufanya kazi mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini kabla hajapewa leseni kamili. Mkataba uliofikiwa mwaka 2017 kati ya chama cha madaktari na serikali ulitaja mshahara wa daktari wa mafunzo kuwa shilingi 206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikasema italipa 70,000. Hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za mgomo ulioanza mwezi wa Machi na kumalizika tarehe 8 Mei, siku 56. Mkataba wa 2017 wenyewe ulipatikana baada ya mgomo wa siku 100, ulioanza Desemba 2016, nao ulitokana na makubaliano ya mwaka 2013 ambayo hayakutekelezwa. Ilipofika mwisho wa Desemba 2024 ndipo serikali ilipokubali tena kuwalipa madaktari wa mafunzo kwa kiwango cha mkataba.

Tulimjibu binti yetu kwa tuliyoyajua. Uislamu umehimiza mfanyakazi alipwe upesi, jasho lake lingali bichi, na anayeahidi ujira kisha akauzuia amedhulumu. Kudai haki si dhambi. Lakini aliye katika hatari ya kufa hana hatia katika ugomvi wa mwajiri na mwajiriwa, na kumwacha afe ilhali unaweza kumwokoa ni jambo lisilo na udhuru mbele ya Allah. Alitujibu kwa sauti ya chini kuwa hilo ndilo linalomnyima usingizi, kwa sababu anajua ni nani huumia hospitali za serikali zinapofungwa. Mwenye mali huhamia hospitali ya binafsi siku ileile. Maskini hurudi nyumbani na maradhi yake.

Basi tusiwaweke madaktari wote katika kapu moja. Yupo wa hospitali ya kaunti anayengoja mshahara wake, na yupo bingwa wa hospitali ya binafsi anayetoza ada kwa kila anayemwona. Wapo pia wanaovunja amana: anayemtelekeza mgonjwa wa serikali ili akamwone kwa malipo katika kliniki yake ya jioni, anayeandika vipimo visivyohitajika, na anayepokea bakshishi kwa kila mgonjwa anayemtuma kwenye maabara fulani. Hao tunawaambia kwamba chumo la namna hiyo ni haramu, hata likiandikwa kwenye risiti safi. Mgonjwa hana elimu ya kupima anachoambiwa. Amekukabidhi mwili wake na hofu yake, na hakuna amana nzito kuliko hiyo.

Karatasi ile inasemaje

Siku ya nne baada ya mazishi tulikaa na yule kijana, tukaifungua karatasi na kuisoma mstari kwa mstari. Siku tatu katika wadi ya mahututi zilikuwa 120,000. Kitanda cha siku sita katika wadi ya kawaida, 36,000. Dawa na maji ya mishipa, 58,000. Vipimo na picha, 27,000. Chumba cha upasuaji, 20,000. Madaktari wote kwa pamoja, mpasuaji, wa dawa ya usingizi na aliyekuwa akimpitia kila siku, walikuwa wametoza 51,000. Hiyo ni chini kidogo ya sehemu moja katika sita.

Hatusemi kila hesabu iko hivyo. Tunasema tu kuwa hasira ya jamvini ilielekezwa kwenye mstari mmoja wa karatasi, na mistari mingine mitano ikasahauliwa. Mashine za wadi ya mahututi hazitengenezwi hapa kwetu, na dawa nyingi pia hutoka ng'ambo, nazo hununuliwa kwa dola. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160, na mzigo huo mwishowe humwangukia mgonjwa. Kisha maradhi yenyewe yamebadilika. Wazee wetu waliogopa homa inayokuja na kuondoka. Sisi tunaishi na kisukari, presha na figo, maradhi yasiyoondoka, yanayotaka dawa kila siku ya maisha. Ambaye figo zake zimeshindwa huhitaji kusafishwa damu mara mbili au zaidi kila wiki.

Tukamuuliza kijana mama aliugua vipi. Hapo ndipo alipolia. Mama alikuwa na kisukari. Alipata kidonda mguuni, akakifunga kitambaa na kukificha chini ya buibui kwa wiki nyingi, kwa kuwa hakutaka watoto waingie katika gharama. Alipopelekwa hospitali, sumu ilikuwa imekwisha ingia mwilini. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamfichua. Mama huyu aliyaficha kwa huruma, akiwaonea wanawe imani, na kidonda ambacho kingeoshwa katika zahanati kikaishia katika wadi ya mahututi.

Hilo ndilo tunalotaka familia zetu zilitafakari. Gharama ya tiba huua kabla haijalipwa. Huua kwa hofu, mgonjwa akiwa bado nyumbani kwake.

Deni linalomfuata marehemu

Watu wengi hutuuliza kuhusu kuzuiliwa maiti. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilitoa hukumu kwamba kuwazuilia wanawake wawili waliojifungua katika hospitali moja ya umma jijini Nairobi, kwa sababu ya kushindwa kulipa, kulikuwa kinyume cha Katiba. Majaji wamekataa pia hoja kwamba maiti aweza kushikwa kama rehani. Basi familia inayokumbwa na jambo hili isikae kimya. Itafute msaada wa wakili au wa wanaotetea haki.

Hata hivyo, deni lenyewe halifutiki kwa kuzika. Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu aliyekuwa akidaiwa dinari mbili, akawaambia Masahaba wamsalie wao. Hakumsalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipojitolea kulibeba deni lile. Na katika mpango wa mirathi uliomo katika Suratun Nisaa, deni hutangulia kabla ya mrithi yeyote kupata fungu lake. Hesabu ya hospitali ni deni kama deni jingine. Wasiseme warithi kwamba hospitali ni tajiri. Walipe, au wapatane na mwenye haki, au waombe wasamehewe.

Tukumbuke pia kwamba Allah alipomfungulia Mtume wake (S.A.W.) mali baada ya ushindi, alitangaza kuwa Muislamu akifa na deni asiloweza kulilipa, deni hilo litakuwa juu yake. Hapo kuna funzo kwa wenye mamlaka. Katiba yetu ya mwaka 2010, ibara ya 43, imempa kila mtu haki ya afya na imekataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Mwaka 2001, mjini Abuja, nchi za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Kenya haijafikia kiwango hicho. Ahadi ni deni, na kiongozi ataulizwa juu ya raia wake.

Mume, mke na gharama ya dawa

Sasa tuingie ndani ya nyumba zetu, kwani akina mama wametuuliza mara nyingi: mke akiugua, ni nani mwenye kugharamia?

Hatutaficha lililomo vitabuni. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kama alivyoandika Imamu Nawawi katika Minhaj, dawa na ujira wa tabibu havikuhesabiwa katika masurufu ambayo mume analazimika kumpa mke. Wapo waume walioisikia kauli hii, wakaifanya ngao. Mke anaumwa, naye anamwambia aende kwa kaka zake.

Lakini wanazuoni wa zama zetu wameitazama kauli hiyo na wakati wake. Zamani, walieleza, tiba ilikuwa jambo la nadra, na mtu angeweza kuishi umri wake wote bila kuihitaji. Leo dawa ya presha au upasuaji wa uzazi ni hitaji kama chakula, pengine kuzidi chakula, kwani mgonjwa hatamani kula. Kwa hoja hii Sheikh Wahba al-Zuhayli wa Syria, aliyefariki mwaka 2015, aliona kuwa tiba ni wajibu wa mume pamoja na masurufu mengine. Misri nayo, kwa sheria ya mwaka 1985, iliyataja matibabu wazi ndani ya masurufu ya mke. Nasi tunaielemea kauli hii. Allah ameamrisha kukaa na wake kwa wema, na hatuoni wema gani umebaki kwa anayestarehe na mke akiwa mzima, kisha akamrudisha kwao akiwa mgonjwa.

Kwa akina mama tuna neno pia. Dada zetu, kuficha maradhi si subira. Mwili ni amana, na anayechelewa leo kwa kuogopa elfu mbili huwaachia wanawe laki mbili kesho.

Walivyofanya waliotutangulia

Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Saad bin Muadh (R.A.) alijeruhiwa mkononi. Mtume (S.A.W.) aliamuru awekwe katika hema ndani ya msikiti wa Madina, hema la mwanamke aitwaye Rufaida, wa kabila la Aslam, aliyekuwa akitibu majeruhi wasio na mtu wa kuwaangalia. Tabibu huyo alikuwa mwanamke, na mahali pake pa kazi palikuwa msikitini.

Waislamu waliendeleza mwenendo huo kwa njia ya wakfu. Mwaka 1284, jijini Cairo, Sultani Qalawun alifungua hospitali iliyojulikana kwa jina la Mansuri. Kabla ya usultani aliwahi kuugua Damascus, akatibiwa kwa dawa za hospitali ya Nuruddin Zangi, ndipo akaweka nadhiri kuwa akipata ufalme atajenga mfano wake. Hospitali yake ilikuwa na sehemu za wanaume na za wanawake, na wodi mbalimbali kwa wenye homa, wenye maradhi ya macho na wanaohitaji upasuaji. Ilipokea tajiri na maskini. Pato la mali zilizowekwa wakfu ndilo lililonunua dawa, likapika chakula cha wagonjwa na kulipa mishahara ya matabibu.

Tuzingatie walivyopanga. Tabibu alilipwa, na kulipwa vizuri. Mgonjwa hakudaiwa. Haki hizi mbili hazikugombana, kwa kuwa fedha zilikusanywa kabla ya ugonjwa, na waliozitoa walikuwa wazima. Kasoro yetu leo ni kwamba tunakusanya baada ya mtu kuanguka. Mchango wetu huja na machozi, nao huishia kulipa hesabu ya marehemu.

Tufanye nini

Kwanza, tujiandikishe katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara hukadiriwa kwa hali yake na hutakiwa kulipa mwaka mzima, ambao kwa kiwango cha chini ni 3,600. Aliyejiandikisha hupata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya kwa fedha za umma. Michango ndiyo inayofungua mlango wa kulazwa. Tunajua malalamiko yaliyopo, na tunajua hospitali nyingi zimelalamika kucheleweshewa malipo. Lakini mama yule alikuwa ameandikishwa, na mchango wake haukuwa umelipwa. Shilingi 3,600 hazikulipwa, 312,000 zikatafutwa.

Wako wanaojizuia kwa kuona kuwa kila bima ni haramu. Chuo cha Fiqhi ya Kiislamu cha kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1985, kilitofautisha bima ya kibiashara na ile ya kusaidiana, na hii ya pili kikairuhusu. Mchango wa umma wa kubebana wakati wa maradhi uko karibu zaidi na kusaidiana.

Pili, kila msikiti uwe na mfuko wa wagonjwa unaochangiwa kila mwezi, wenye hesabu zinazosomwa hadharani. Kazi yake ya kwanza iwe kuwalipia SHA mafakiri wa mtaa, wajane na wazee, kabla hawajaugua. Wenye kutoa zaka wakumbuke kuwa fakiri mgonjwa na mdaiwa aliyeelemewa wote wamo katika mafungu manane. Na wenye nyumba na mashamba waige wazee wetu wa pwani, waliotuachia minazi na maduka ya wakfu kwa misikiti na madrasa. Tunaomba safari hii wakfu mmoja uwe wa dawa.

Tatu, tuulize kabla, kama walivyofanya Masahaba. Si aibu kumuuliza daktari: tiba hii itagharimu kiasi gani, kipimo hiki ni cha lazima, ipo dawa ya bei nafuu yenye nguvu ileile? Katika hospitali za umma yupo afisa wa ustawi wa jamii ambaye huangalia hali ya asiyeweza kulipa. Mtafuteni mapema, msingoje siku ya kutoka.

Wiki mbili baada ya mazungumzo yale, yule kijana alirudi msikitini na karatasi nyingine. Safari hii ilikuwa orodha ya ajuza saba wa mtaa wetu wenye kisukari, aliyoiandika kwa mkono wake baada ya kupita nyumba kwa nyumba. Binti yetu daktari ameahidi kuwapima miguu na sukari kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi katika ukumbi wa madrasa, na mfuko umemlipa nauli na vifaa, ingawa nauli alitaka kuikataa. Tulimwambia apokee, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) alimlipa Abu Taiba.

Bangili ya yule bibi tumekwisha ikomboa. Alipoipokea alituuliza kama kuna mgonjwa mwingine.

Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awape ihsani matabibu wetu, na awarehemu waliotangulia. Amin.